Bundi wa Osaka Hatui Tunduma

Oya mwana, sogea kwenye benchi. Leo sina stori za IST. IST tumezichoka, kila mwenye mkopo anayo.

Nakuletea Aspark Owl. Ndinga ya Mjapani, kampuni ya Osaka, ila inaungwa Italia. Imo kwenye Asphalt, lile gemu la Gameloft ambalo mwaka 2024 lilibatizwa Asphalt Legends Unite. Unaokota ramani zake mdogomdogo, bando linalia, mpaka chuma kinafunguka. Unakanyaga nitro. Weee!

Nje ya simu ndo unadata kabisa. Mota 4 za umeme, nguvu farasi 1,985. Kutoka kusimama mpaka kilomita 96 kwa saa wenyewe wanasema sekunde 1.72. Konda hajamaliza kuita "Vwawa", ushapotea. Ndugu yake SP600 mwaka huohuo wa 2024 alikata kilomita 438.7 kwa saa kule Papenburg, Ujerumani. Tochi ya trafiki wa Mlowo ingesoma upepo. Kimo sasa: sentimita 99. Unashuka kama unatoka uvunguni, na watoto wazuri wanacheki. Aibu hiyo mimi naipokea.

Noma ipo kwenye jina. Owl ni bundi, mwanangu. Nenda Itaka kawaambie wazee umenunua bundi, uone kama utalala kwenu. Nilimwonyesha babu picha, milango imenyanyuka juu. Akakunja uso.

"Hiyo ikitua juu ya paa, kuna mtu anaondoka."

Babu, gari linatuaje juu ya paa?

"Ndo hapo sasa."

Kesi imefungwa.

Bei? Kaa chini kwanza. Bundi alivyozinduliwa Dubai, Novemba 2019, walisema yuro milioni 2.9, na magari yatatengenezwa 50 tu dunia nzima. Kwa madafu unagonga bilioni 8, hapo TRA hawajakutazama usoni. Ukoo wetu tukiuza kahawa yote na miche yake, tunapata kioo cha mlango. Cha kushoto.

Na wewe wa Tunduma usijifanye mgeni, Mjapani unamjua. IT, zile gari zake za transiti, zinashuka kutoka bandari ya Dar kila siku, nailoni bado kwenye viti, zinavuka Zambia huku sisi tunazisindikiza kwa macho. Sasa mpe dereva wa IT huyu Bundi. Chaji moja kama kilomita 450, Dar mpaka hapa zaidi ya 900. Moto unakata maeneo ya Kitonga, palepale mlimani. Nyuma malori yamejipanga, honi tupu, utingo kashuka na jiwe la kuzuia tairi, anazunguka anatafuta pa kuliweka. Sokomoko. Dereva anapiga simu kwa bosi: "Kiongozi, huku kuna soketi?" Na usisahau matuta, la kwanza tu kifua kinabaki Mbezi.

Ndo maana mimi namwendeshea kwenye simu. Kioo cha simu kimepasuka, lakini chuma safi.

Jioni babu karudi tena, kaikodolea simu.

"Linabeba ngapi?"

"Wawili, babu."

"Magunia mawili?"

"Watu. Watu wawili."

Akanirudishia simu kwa ncha za vidole, kama kaishika kwa mkia.