Madigadi ya Mbele Kwanza

Masika yakianza, wenye baiskeli za mashindano hubana kipande cha plastiki chini ya siti na kuona wamemaliza. Mgongo unabaki mkavu, kweli. Lakini viatu vinajaa maji kabla ya kilomita ya pili, na wiki haiishi cheni haijaanza kusaga mchanga.

Tazama gurudumu la mbele linavyozunguka. Sehemu ya tairi inayotoka kukanyaga lami hurusha maji nyuma, yakipanda kidogo, na yanatua kwenye miguu yako, kwenye cheni na kwenye beringi za pedeli. Yanayong'ang'ania hadi juu ya tairi hurushwa mbele, kisha wewe mwenyewe unayafuata na kuyapokea usoni. Kwa hiyo mwenye pesa ya madigadi moja namshauri anunue ya mbele, tena inayoshuka chini kabisa nyuma ya gurudumu. Ikiwa fupi, kata ulimi kwenye kidumu cha mafuta ya kula, uufunge kwa nati mbili, ufike kiasi cha kiganja kutoka ardhini. Ya nyuma nayo ipate ulimi wake kama mnatembea kwa msafara, maana anayekufuata ndiye anayekula tope lako.

Kabla ya kuuliza bei, pima nafasi. Baiskeli hizi nyingi hazina matundu ya kufungia madigadi, na breki za rimu huikaribia sana tairi. Chukua spana ya pembe sita ya milimita 4, uipitishe kati ya tairi na breki. Ikikwama, madigadi nzima haitaingia hapo. Tafuta iliyokatwa vipande viwili, kimoja mbele ya breki na kingine nyuma yake. SKS ya Ujerumani hutengeneza za namna hiyo. Ukivaa tairi ya milimita 25 badala ya 28 unapata nafasi kidogo. Breki za diski hazina shida hii, kwa kuwa juu ya tairi hakuna breki.

Uzito unazungumzwa kupita kiasi. Seti kamili ya plastiki na vyuma vyake ni nusu kilo hivi, sawa na maji ya chupa ndogo uliyoibeba. Alumini ni imara ila hupiga kelele nati zikilegea; plastiki hupasuka kwenye matundu, basi weka washa ya mpira.

Jambo la kuogopa ni kijiti. Kikinaswa na spoki za mbele na kusukumwa juu, madigadi hujikunja, gurudumu linakwama ghafla, na mwendeshaji anarushwa juu ya usukani. Vyuma vya mbele viwe na vibanio vinavyochomoka vyenyewe vikivutwa kwa nguvu. Kama duka halina, usinunue. Nimeshika foki zilizopinda kwa sababu hii, na wenyewe walikuwa wanatembea taratibu tu.

Na kwa wanaopita barabara za udongo mwekundu, kama zile za vijijini Iringa au Kilimanjaro: hapo vua. Udongo mfinyanzi hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu halizunguki, ukabaki kuibeba baiskeli begani, nzito kuliko ulivyoinunua. Madigadi nyembamba ni za lami.