Je, Wajua? Foronya Nayo Huchochea Chunusi

Chunusi haziletwi na uchafu. Huanzia ndani ya vinyweleo: homoni huongeza mafuta ya ngozi, seli zilizokufa huziba njia, na bakteria aitwaye Cutibacterium acnes hustawi humo. Hata hivyo, foronya chafu inaweza kuzidisha hali, maana uso huilalia usiku kucha ukisuguana na jasho, mafuta na mabaki ya vipodozi.

Mshukiwa mkuu ni mafuta ya nywele. Mwaka 1970, madaktari Gerd Plewig, James Fulton na Albert Kligman walieleza aina ya chunusi za kwenye paji la uso zinazowapata wanaopaka nywele mafuta mazito. Ukilala bila kilemba, mafuta hayohayo huhamia kwenye foronya, kisha shavuni. Itazame foronya nyeupe uliyoilalia siku kadhaa. Ile alama ya manjano katikati haikutoka kwenye sufi!

Fua foronya angalau mara moja kwa wiki, au mara mbili wakati wa joto la pwani. Suuza sabuni yote itoke, uianike juani ikauke kabisa. Huna za kubadilisha? Igeuze upande wa pili, au tandika khanga safi juu ya mto.

Anayepaka dawa ya benzoili peroksaidi achague foronya nyeupe, kwani dawa hiyo hupausha rangi ya kitambaa. Na chunusi zikiuma au kuacha makovu, usiihangaikie foronya tena: muone daktari wa ngozi.