Kutoka Katazo hadi Daftari: Uandishi wa Kanuni za Programu katika Kompyuta za Ofisi

Ikisiri

Kanuni nyingi zinazohusu programu katika kompyuta za kazini huandikwa kama katazo analopewa mtumishi: asiweke programu yoyote bila idhini. Makala haya yanaeleza kwa nini katazo hilo, likisimama peke yake, haliilindi ofisi. Kwa kurejelea matukio mawili ya mwaka 2017 yaliyochunguzwa hadharani, moja la Uingereza na jingine la Marekani, yanaonyesha kwamba pengo kubwa lilikuwa katika wajibu wa taasisi yenyewe: kujua programu zinazoendeshwa ndani yake, nani anawajibika kwa kila moja, na nani anathibitisha kuwa agizo limetekelezwa. Aidha, yanajadili uzito wa vitenzi vya Kiswahili katika kanuni za aina hii.

Maneno ya msingi: programu, kanuni, daftari la programu, sasisho, idhini

1. Utangulizi

Ni jambo la kawaida katika ofisi za Afrika ya Mashariki kwa mtumishi mpya kusaini waraka wa matumizi ya vifaa vya TEHAMA anapokabidhiwa kompyuta. Ni nadra kukosa ndani ya waraka huo kifungu kinachomkataza kuweka programu bila idhini ya kitengo husika. Waraka huingia jaladani, na mara nyingi hautazamwi tena mpaka litokee tatizo.

Kifungu hicho kina sababu njema. Programu iliyopakuliwa ovyo yaweza kubeba programu hasidi, na nakala isiyo na leseni humweka mwajiri katika hatari ya kushtakiwa kwa kukiuka hakimiliki. Hata hivyo, kifungu kinamtazama mtu mmoja tu, naye ndiye mwenye mamlaka madogo kuliko wote katika mlolongo wa uamuzi. Hakisemi lolote kuhusu programu ambazo ofisi yenyewe iliziweka miaka kadhaa iliyopita na kuzisahau. Hoja ya makala haya ni kwamba hatari kubwa zaidi imo katika kundi hilo la pili, na kwamba kanuni isiyoligusa imeacha sehemu nzito ya kazi.

2. Hospitali za Uingereza, Mei 2017

Tarehe 12 Mei 2017, programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilienea duniani kwa muda wa saa chache. Ilifunga mafaili kwa njia ya usimbaji, kisha ikadai fidia ili yafunguliwe. Haikumhitaji mtumishi abofye chochote. Ilihama yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa kupitia kasoro iliyokuwamo katika sehemu ya Windows inayoziwezesha kompyuta kushirikiana mafaili. Rekebisho la kasoro hiyo lilikuwa limekwisha kutolewa na Microsoft tarehe 14 Machi, siku 59 kabla.

Miongoni mwa walioathirika vibaya ni Huduma ya Taifa ya Afya huko England. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ilitoa taarifa yake Oktoba 2017. Kati ya taasisi 236 zinazoendesha hospitali na huduma nyingine za afya, zaidi ya thuluthi moja ziliathirika. Ilithibitishwa kuwa miadi 6,912 ilifutwa, na makadirio ya jumla yalizidi 19,000. Katika maeneo 5 wagonjwa wa dharura walilazimika kupelekwa mbali zaidi ili wapate huduma.

Kinachostahili kutazamwa kwa makini ni yale yaliyotangulia. Mwaka 2014 serikali ilikuwa imeziandikia taasisi hizo kuzitaka ziwe na mipango thabiti ya kuachana na programu zilizopitwa na wakati, Windows XP ikiwamo, ifikapo Aprili 2015. Mwezi Machi na Aprili 2017 zilipelekewa tahadhari nzito zilizozitaka ziweke rekebisho. Kabla ya shambulio, taasisi 88 zilikuwa zimekaguliwa kuhusu usalama wa mifumo yao, na hakuna hata moja iliyofaulu. Pamoja na hayo yote, wizara haikuwa na utaratibu rasmi wa kujua kama ushauri na maelekezo yake yamefuatwa, wala wakaguzi hawakuwa na uwezo wa kuzilazimisha taasisi kusahihisha waliyoyabaini.

Jambo la pili lina uzito uleule. Lawama nyingi za wakati ule zilielekezwa kwa Windows XP, mfumo endeshi ambao Microsoft iliacha kuuhudumia tarehe 8 Aprili 2014. Ukaguzi ulionyesha vingine: kompyuta nyingi zilizoambukizwa zilikuwa na Windows 7, iliyokuwa ingali ikihudumiwa. Rekebisho lilikuwapo, tena bila malipo. Hivyo umaskini wa vifaa, ambao ndio udhuru wa kwanza kutolewa katika mijadala ya kanda hii pia, unaeleza sehemu ndogo tu ya yaliyotokea.

3. Agizo lisilomfikia mhusika

Yaweza kudhaniwa kuwa dawa ya udhaifu huo ni kuweka muda mkali. Tukio la Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza taarifa za mikopo ya watu, linatia shaka dhana hiyo. Mapema Machi 2017 ilitangazwa kasoro kubwa katika Apache Struts, mkusanyiko wa programu huria unaotumika kujengea tovuti. Tarehe 9 Machi waraka wa ndani wa Equifax uliagiza kasoro hiyo irekebishwe katika saa 48. Ni muda mkali kuliko ambao ofisi nyingi zingethubutu kuuandika.

Agizo halikutekelezwa katika tovuti moja ya zamani ya kupokelea malalamiko ya wateja. Wavamizi waliingia humo katikati ya Mei na kukaa hadi mwisho wa Julai. Taarifa za watu wapatao milioni 147 zikaibwa. Uchunguzi wa vyombo vya Bunge la Marekani ulibainisha sababu mbili zinazofungamana. Orodha ya watu waliopelekewa waraka ilikuwa imepitwa na wakati, kwa hiyo haukuwafikia waliopaswa kufanya kazi. Isitoshe, kampuni haikuwa na orodha kamili ya mifumo na programu zake, na uchunguzi wa kompyuta uliofanywa kutafuta programu yenye kasoro haukuiona. Saa 48 hazina maana kwa programu ambayo hakuna anayejua kuwa ipo.

4. Daftari la programu

Mwongozo wa Center for Internet Security, katika toleo lake la 8 la mwaka 2021, unaanza na orodha ya vifaa na kufuatiwa na orodha ya programu; ulinzi mwingine wote huja baadaye. Mpangilio huo unafaa kufuatwa pia katika uandishi wa kanuni. Kifungu cha kwanza kiwe ni wajibu wa taasisi kutunza daftari la programu zake, na katazo kwa mtumishi litokane na daftari hilo.

Daftari lenye manufaa halihitaji mambo mengi. Linaonyesha jina la programu na toleo lake, kompyuta ilimo, kazi inayoifanya, na leseni inayoiruhusu. Programu huria nazo huandikwa, kwani kutolipiwa si kutohitaji kuangaliwa. Safu inayopuuzwa zaidi ni ya msimamizi. Hapo inafaa kuandikwa cheo badala ya jina la mtu, kwa kuwa watu huhama na vyeo hubaki. Equifax iliponzwa na orodha ambayo watu wake walikuwa wamekwisha kubadilika. Zipo zana zinazokusanya majina na matoleo ya programu zenyewe, lakini hakuna zana inayoweza kuijaza safu hiyo. Katika ofisi yenye kompyuta 30, jedwali la kawaida linatosha.

Safu nyingine ni ya tarehe ambayo mtengenezaji ataacha kuihudumia programu. Tarehe hiyo hujulikana miaka mingi kabla. Ile ya Windows 10, yaani 14 Oktoba 2025, ilitangazwa tangu mfumo huo ulipotoka mwaka 2015. Kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11, zikiwamo zile zinazoingia katika kanda zikiwa zimekwisha kutumika kwingine. Taasisi iliyoiandika tarehe hiyo katika daftari ingeweza kuipeleka katika bajeti ya mwaka 2022 au 2023. Isiyoiandika hukutana nayo kama dharura, na dharura hununuliwa kwa bei ya dharura.

Daftari lieleze pia mahali nakala rudufu ilipo. Mwezi Juni 2017 programu hasidi ya NotPetya, iliyopenyezwa kupitia masasisho ya programu halali ya uhasibu wa kodi nchini Ukraine, iliingia katika mtandao wa kampuni ya meli ya Maersk. Seva zilizotunza orodha ya watumiaji na haki zao ziliharibika zote isipokuwa moja, iliyokuwa Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko na seva ilikuwa imezimika. Kampuni ikaanza kujijenga upya kutoka katika nakala hiyo. Kukatika kwa umeme kunaijua kanda hii vizuri, ila ni vigumu kukuandika katika kanuni.

5. Kitenzi cha kanuni

Kanuni inapoandikwa kwa Kiswahili, au inapofasiriwa kutoka Kiingereza au Kifaransa, uteuzi wa kitenzi huamua kinachokatazwa. Vitenzi vitatu hugongana. Kupakua, kwa maana yake ya asili, ni kushusha shehena chomboni au kutoa chakula chunguni. Katika TEHAMA ni kuleta faili kutoka mtandaoni. Kusakinisha kumetokana na kusakini, yaani kukaa mahali, na maana yake ni kuikalisha programu ndani ya kompyuta. Kuendesha ni kuifanya programu itende kazi.

Kanuni inayokataza kupakua haimgusi aliyeleta programu katika flashi. Inayokataza kusakinisha humgusa huyo, lakini humwacha anayetumia programu isiyohitaji kusakinishwa, ile inayofunguliwa moja kwa moja kutoka katika flashi hiyohiyo na kuondoka nayo. Viongezo vya vivinjari navyo huponyoka, kwani watumiaji wengi hawavihesabu kuwa programu hata kidogo. Kitenzi kinachofunika yote ni kuendesha. Hili linaafikiana na mwelekeo wa kitaalamu: mwongozo wa Australia uitwao Essential Eight, unaotolewa na mamlaka ya usalama wa mifumo ya nchi hiyo, unadhibiti programu kwa kigezo cha kuruhusiwa kuendeshwa, na unaweka kando yake udhibiti wa haki za msimamizi wa kompyuta.

Nomino yenyewe inahitaji fasili. Katika taasisi za maendeleo, “programu” ni mpango wa kazi wa miaka kadhaa, na mtumishi wa mradi aweza kusaini waraka mzima akiwa na maana hiyo akilini. Fasili ya mistari miwili mwanzoni mwa kanuni, ikitaja kwa majina mifano ambayo watumishi wanaijua, inaondoa utata ambao adhabu haiwezi kuuondoa.

6. Idhini na masasisho

Karani anayepokea faili lisilofunguka, na ambaye mkuu wake anataka jibu kabla ya saa kumi, hatasubiri wiki tatu. Ataomba flashi kwa mwenzake. Ukali wa katazo haubadilishi hesabu hiyo. Urefu wa kusubiri ndio unaoibadilisha. Kwa sababu hiyo kanuni iifunge ofisi kwa muda: maombi ya programu iliyomo katika daftari yajibiwe siku hiyohiyo, na ya programu mpya yajibiwe katika siku chache zilizotajwa, kwa maandishi, na sababu ikielezwa iwapo yamekataliwa. Ofisi inayojibu kwa wakati ndiyo yenye haki ya kuondoa haki za msimamizi katika akaunti za watumishi wa kawaida, hatua ambayo kitaalamu ina nguvu kuliko tamko lolote.

Kuhusu masasisho, kanuni ya kuweka kila kitu mara moja ina kasoro yake. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho lenye hitilafu la kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike liliziangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows kwa siku moja. Ni salama zaidi kuanza na kompyuta chache, kisha kuendelea na zilizobaki kwa muda uliopangwa. Lakini sasisho la siku ile lilikuwa la aina ambayo wateja hawakupewa uwezo wa kuichelewesha, kwa hiyo sehemu ya kanuni hii hukaa katika mkataba wa ununuzi, kwa mezani wa ugavi, kabla kitengo cha TEHAMA hakijaguswa.

7. Mamlaka ya kuitoa kompyuta mtandaoni

Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi za Kenya na Uganda za mwaka 2019, ya Rwanda ya 2021 na ya Tanzania ya 2022 zinamtaka anayetunza taarifa za watu achukue hatua za kiufundi na za kiutawala za kuzilinda. Kwa lugha hiyo, programu isiyorekebishwa imekuwa suala la kisheria, na kutokuwa na daftari ni vigumu kukuita hatua. Wasimamizi wa sheria hizo wangeweza kuanza kwa kudai daftari hilo katika kila ukaguzi.

Linabaki suala la madaraka, na hapa rasimu nyingi hunyamaza. Kompyuta ya mkuu wa idara inapokutwa na mfumo usiohudumiwa tena, afisa wa TEHAMA wa daraja la chini hawezi kuizima kwa hiari yake. Kanuni itaje cheo chenye mamlaka ya kuitoa kompyuta yoyote mtandaoni, ikiwamo ya mkurugenzi. Itaje muda wa notisi, saa 24 kwa mfano. Na itaje nani pekee aweza kuruhusu iendelee kutumika, kwa maandishi, kwa sababu gani na mpaka tarehe ipi. Ruhusa hiyo nayo iandikwe katika daftari, mbele ya jina la kompyuta husika.