Upepo wa Kusi Ufikapo Dhofar

Upepo wa kusi, ambao manahodha wa Kilwa, Unguja na Lamu waliutegemea tangu dahari kuyapeleka majahazi yao Arabuni, haukomi kazi yake uivukapo istiwai; hupinda, ukashika njia ya kaskazini-mashariki, na kati ya Juni na Septemba huupiga mwambao wa Dhofar, kusini mwa Omani, ukatenda huko jambo ambalo mtu aijuaye Arabuni kwa sifa ya jua na mchanga tu atataabika kulisadiki. Wakati Muscat, iliyo mbali kiasi cha kilomita 1,000, inaungua kwa joto lipitalo digrii 40, mji wa Salalah hufunikwa na ukungu, manyunyu yakaanguka mchana na usiku, na joto likasimama karibu na digrii 25. Majira hayo wenyeji huyaita kharifu, na sioni wakati ulio bora kuliko huo wa kuipita kwa gari barabara ya pwani ile.

Sababu yake ni bahari yenyewe. Upepo huyasukuma maji ya juu kuyaondoa ufuoni, na maji baridi ya vilindini hupanda kushika mahali pake. Hewa yenye unyevu ipitapo juu ya baridi hiyo hugeuka ukungu, nao ukiisha kufika bara huzuiliwa na milima ya Qara, hata upande unaoelekea bahari ukamea majani mabichi ya kulisha ng'ombe na ngamia, na nyuma ya mgongo wa milima likabaki jangwa tupu.

Safari na ianzie Mirbat, bandari ya kale iliyo kiasi cha kilomita 70 mashariki ya Salalah. Hapo pana kaburi la Sayyid Muhammad bin Ali, mwenye lakabu ya Sahib Mirbat, aliyefariki katika karne ya 12, ambaye masharifu wa Ba Alawi wote huhesabu nasaba zao kupitia kwake, na miongoni mwao ukoo wa Jamal al-Layl uliomtoa Habib Saleh wa msikiti wa Riyadha, Lamu. Mswahili apitaye pale asishuke garini kusoma Fatiha amelipita, kwa rai yangu, jambo kubwa kuliko mandhari yote ya njiani.

Kutoka Mirbat barabara hurudi magharibi, na kabla ya kufika Taqah huonekana hori la Rori na juu yake magofu ya Sumhuram, bandari iliyojengwa na ufalme wa Hadhramaut kabla ya kuzaliwa Nabii Isa ili ubani wa nchi hii upakiwe marikebuni. Kharifu ikiisha na bahari ikitulia, wavuvi wa pwani hii huanika dagaa mchangani wawe chakula cha mifugo, ada ambayo Ibn Battuta, aliyekuja huku kwa bahari kutoka Kilwa katika karne ya 14, aliiandika kwa mshangao, pamoja na habari za minazi na tambuu. Minazi ingalipo. Ukiingia Salalah utaona kando ya barabara vibanda vya madafu, ndizi na mapapai, na mtu wa Tanga au Malindi hatakuwa na la kuuliza ila bei.

Magharibi zaidi, kiasi cha kilomita 40, ndipo Mughsail, ambapo mawimbi huingia chini ya mwamba yakatokea juu kwa matundu, yakirusha maji kwa kishindo kikubwa. Baada ya hapo njia huyakwea majabali kwa kona kali zilizofuatana, na dereva yampasa awe na hadhari kubwa, taa ziwake hata adhuhuri, kwa kuwa ngamia hutokeza ukunguni ghafula na hawampishi mtu. Pale ukungu unapopungua nguvu na mawe yakaanza kukauka, husimama miti ya ubani, mifupi, yenye magamba yaliyobambuka kama karatasi. Mchumaji huikwangua gome kwa kisu kidogo, utomvu mweupe ukatoka kwa matone, naye huuacha siku kadhaa ugande kabla ya kurudi kuubandua. Na ubani uthaminiwao kupita wote ni ule wa nyuma ya milima, pakavu kabisa, mahali ambapo manyunyu ya kharifu hayafiki.