Fanani na Hadhira Yake: Je, Nyota wa Muziki wa Leo Wanawafikia Wakongwe wa Jukwaani?

1. Utangulizi

Wapenzi wa muziki mjini Nairobi hawachoki kuulizana kama nyota wanaotamba leo wanaweza kulinganishwa na waimbaji na wapiga magitaa waliotumbuiza watu ana kwa ana, usiku kucha, katika miaka ya 1960, 1970 na 1980. Wazee aghalabu hujibu kwamba hawalingani, kwa kuwa kijana wa leo huimba kwa kubebwa na mashine. Vijana nao hujibu kwamba wazee wanausifu ujana wao, wala si muziki. Majibu yote mawili yana chembe ya ukweli, lakini hakuna hata moja linalobainisha ni kitu gani hasa kinacholinganishwa.

Makala hii inakusudia kulitazama swali hilo kwa jicho la mwanafunzi wa lugha na fasihi simulizi. Hoja yetu ni kwamba tofauti iliyopo baina ya wakongwe na nyota wa leo haimo katika uzuri wa sauti, wala katika utajiri wa lugha. Imo katika uhusiano wa fanani na hadhira wakati matini ya wimbo inapozaliwa. Kwa kipimo hicho, nyota wengi wanaosikika redioni na simuni hawajawafikia wakongwe. Hata hivyo, ufundi wenyewe haujafa. Umehamia kwa watu ambao hatuna mazoea ya kuwaita nyota. Mfano wetu mkuu utakuwa mtaa wa Laini Saba huko Kibera, pamoja na jirani yake Kawangware, kwa sababu mitaa hii hudhihirisha hali zote mbili.

2. Mahali penyewe

Laini Saba ni kimojawapo cha vijiji vinavyounda Kibera, kusini-magharibi mwa kitovu cha mji wa Nairobi. Jina la Kibera lenyewe linatokana na neno la Kinubi, Kibra, lenye maana ya msitu. Wanubi, ambao asili yao ni askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la King's African Rifles, waliwekwa hapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 ardhi hiyo ikatangazwa rasmi kuwa ya jeshi. Kwa hiyo, kabla ya bendi yoyote ya magitaa, Kibera ilikuwa na doluka, yaani ngoma na nyimbo za arusi za Wanubi, ambamo wanawake ndio mafanani.

Baadaye wakaja watu kutoka Ukambani, Nyanza, Magharibi na Mkoa wa Kati wa siku hizo, kila jamii na sanaa yake. Kawangware nako kuna Waluhya wengi, na pamoja nao ikaja isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kuhifadhiwa kwa haraka. Mtoto anayekulia Laini Saba, basi, husikia benga ya Kikamba, mahubiri ya vipaza sauti, rege ya vibandani na muziki wa matatu kabla hajajua kusoma. Anapotaka kutunga, Kiswahili na Sheng ndizo lugha zinazomfikisha kwa jirani asiyejua lugha ya mama yake. Kuhusu maneno, mtoto huyo si maskini hata kidogo. Anachokosa tutakiona baadaye.

3. Sahani si jukwaa

Kosa la kwanza katika mjadala huu ni kuchanganya sahani na jukwaa. Wengi wetu tunawajua wakongwe kwa sahani zao tu. Fadhili William na Daudi Kabaka wa Equator Sound Band, kwa mfano, wanasikika hadi leo katika vipindi vya zilipendwa, lakini kinachosikika ni kile kilichoweza kuingia katika upande mmoja wa sahani ndogo, yaani dakika chache tu. Bendi za miaka ya 1970 zilipotaka kurekodi wimbo mrefu zaidi zililazimika kuukata vipande viwili: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Katika dansi, wimbo uo huo haukuwa na mpaka huo. Sahani ni muhtasari wa wimbo, na kijana anayesema kwamba wakongwe hawana ajabu huwa amesikia muhtasari tu.

Mzee naye hukosea kwa njia nyingine. Yeye huchukua kumbukumbu ya usiku mmoja wa dansi, akailinganisha na rekodi ya leo aliyoisikia garini. Hapo jukwaa limepimwa kwa sahani, na mizani haiwezi kuwa sawa.

Tukilinganisha sahani na sahani, hatuoni sababu ya kuwadharau vijana. Kundi la Kalamashaka la Dandora, lililoanza kusikika katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, lilithibitisha kwamba Kiswahili na Sheng zinaweza kubeba hoja nzito kwa vina na mizani mipya. Octopizzo, mzaliwa wa Kibera, alilijenga jina lake juu ya namba nane, namba ya matatu za kwenda Kibera. Hivyo namba ya gari ikageuka lakabu, na lakabu ikawa fahari ya mtaa. Huo ni ubunifu wa lugha usiopungukiwa na kitu. Kwa hiyo, swali lenye maana ni la jukwaa kwa jukwaa.

4. Ufundi wa wakongwe

Mkongwe alifanya nini jukwaani ambacho sahani haikuweza kukihifadhi? Tunaweza kutaja mambo matatu.

La kwanza ni kurefusha. Chukua bendi ya Simba Wanyika, iliyoongozwa na ndugu Wilson na George Peter Kinyonga kutoka Tanga, au Les Wanyika iliyojitenga nayo mwaka 1978 na kupata sifa kwa wimbo "Sina Makosa". Rumba ya bendi hizi huanza kwa beti za polepole, ikaja sehemu ya kuitikiana, kisha magitaa yakashika usukani na mwendo ukapanda hadi kwenye chemko. Muda wa kupita kutoka hatua moja hadi nyingine haukuandikwa popote. Wachezaji wakipamba moto, kiitikio kilirudiwa, na mwimbaji akaongeza maneno. Wakichoka, wimbo ulifungwa. Hadhira ilikuwa inahariri.

La pili ni kujibizana. Katika benga ya Daniel Owino Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz, gitaa la mbele hufuata lahani ya mwimbaji, likamjibu kana kwamba nalo linatamka silabi. Wataalamu wamekwisha kuonyesha jinsi upigaji huo ulivyourithi nyatiti, chombo cha Wajaluo chenye nyuzi nane. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers waliifanya kazi iyo hiyo kwa Kikamba na kwa Kiswahili, hata Kilonzo alipofariki mwaka 1987. Mpigaji asiyeielewa lugha ya wimbo hawezi kujibizana hivyo.

La tatu, na ndilo zito kuliko yote kwetu sisi, ni kutaja. Wajaluo wana desturi iitwayo pakruok: mtu katika hadhira hutoa fedha, muziki ukapunguzwa, naye akajisifu au akamsifu rafiki yake kwa majina ya sifa, kisha mwimbaji huyadaka majina hayo na kuyaingiza katika wimbo. Mwambao nao una tabia iliyo karibu na hiyo. Katika taarabu, msikilizaji huinuka kumtunza mwimbaji pale hasa ubeti unapogusa jambo lake, na kwa kutunza huko maneno ya jumla hugeuka kuwa ujumbe kwa mtu maalumu aliyeketi ukumbini. Siti binti Saad alirekodi sahani zake za kwanza mjini Bombay mwaka 1928. Sahani hizo zimehifadhi sauti yake, lakini haziwezi kutuambia nani aliinuka kutunza, na kwa nini.

Haya si mapambo ya pembeni. Albert Lord, katika The Singer of Tales (1960), alieleza kwamba kwa fanani wa masimulizi ya kishairi kutunga na kutamba ni tendo moja. Ruth Finnegan naye, katika Oral Literature in Africa (1970), alisisitiza kwamba fasihi simulizi haiwezi kueleweka pasipo utendaji wake. Mwimbaji wa dansi hakutunga wimbo wote upya kila usiku, lakini alitunga upya sehemu ile iliyowahusu waliokuwapo. Hapo ndipo ukuu wake ulipo.

5. Nyota wa leo na jukwaa lake

Kilichoharibu uhusiano huo si uvivu wa vijana. Katika miaka ya 1980 kaseti zilizonakiliwa kwa wizi ziliwanyang'anya wanamuziki mapato ya sahani. Baadaye kompyuta ikamwezesha mtayarishaji mmoja kufanya kazi ya wapigaji wanane. Bendi huhitaji vyombo, mahali pa mazoezi, usafiri na posho ya watu wengi. Mwimbaji mmoja huhitaji nauli yake na rekodi yake. Mwenye ukumbi huhesabu, naye huchagua kilicho rahisi. Hata mtindo wa gengetone, ulioenea tangu kundi la Ethic lilipotoa "Lamba Lolo" mwaka 2018, ulizaliwa studioni na kuenezwa kwa video, sio katika kumbi za dansi.

Matokeo yake kilugha ni makubwa. Nyota anayepanda jukwaani na kuimba juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa ameikuta matini imekwisha kufungwa. Hawezi kuurefusha ubeti, kwa maana rekodi haitamngoja. Hawezi kulidaka jina la mtu aliyesimama mbele yake, kwa maana hakuna nafasi iliyoachwa. Ni kweli kwamba huigeuzia hadhira kipaza sauti, nayo humalizia mstari kwa kelele za furaha. Lakini tuutambue upungufu wa kuitikia huko: hadhira inayakariri maneno yaliyokwisha kutungwa, haiyaongezi. Hadhira ya pakruok ilikuwa mtunzi mwenza. Hadhira hii ni shahidi wa umaarufu.

Tusiseme, hata hivyo, kwamba hakuna waliosalia. Sauti Sol, kundi lililoanzishwa mwaka 2005, lilijijengea sifa ya kupanda jukwaani na bendi kamili hadi tamasha lake la kuagana la Novemba 2023. Blankets and Wine, tamasha lililoanza mwaka 2008, lilirudisha bendi mbele ya vijana wa mjini. Ila mambo haya yana kiingilio, na kiingilio ni ukuta kwa mkazi wa Laini Saba. Kwa upande wa Kikamba, waimbaji wa benga kama Ken wa Maria na Kativui wamejulikana kwa bendi za magitaa. Anayesema kwamba utumbuizaji wa moja kwa moja umekufa Kenya huwa anaihesabu Kenya isemayo Kiingereza na Sheng peke yake.

6. Ufundi ulikohamia

Tukitafuta kutaja, kujibizana na kurefusha katika mitaa ya leo, tutavikuta mahali pasipo na mabango. Ohangla, iliyopata umaarufu mpya kwa Tony Nyadundo katika miaka ya 2000 na kuendelezwa na akina Prince Indah, bado inaikaribisha pakruok. Kinanda kimeingia, lakini nafasi ya msikilizaji kusema haikufungwa. Katika usiku wa matanga, watu wanapochangia fedha za kusafirisha maiti nyumbani, mshereheshaji huita majina, huyasifu, hutania na kushindanisha pande mbili kwa maneno anayoyatunga papo hapo. Muziki wake ni wa spika, lakini matini ni yake na ya waliokuwapo. Mhubiri wa kanisa la mabati hufanya vivyo hivyo, akiitikiwa kila anapovuta pumzi.

Hali kadhalika wapo vijana wanaochana mitindo huru vichochoroni. Mmoja hupiga mdundo kwa kinywa, mwingine hurushiwa neno na mtazamaji, naye sharti alitie katika vina kabla mdundo haujamtupa. Akishindwa, huchekwa, akifaulu, hupewa neno gumu zaidi. Redio ya mtaa, Pamoja FM, iliyoanzishwa Kibera mwaka 2007, ilivipa vipaji vya namna hii njia ya kusikika nje ya kichochoro. Kijana huyu akipata bahati ya kurekodi, kitu cha kwanza anachoacha mlangoni pa studio ni ule ufundi wa papo hapo. Tunamwita nyota siku ile anapoacha kufanya jambo ambalo lingemfananisha na wakongwe.

Hapa ndipo tunapoona kile anachokosa mtoto wa Laini Saba. Ana lugha, na ana hadhira kali kuliko ya ukumbi wowote. Hana gitaa, hana mahali pa mazoezi, wala hana mkubwa wa kumfundisha jinsi chombo kinavyoweza kumjibu mwimbaji. Wakongwe walijifunza upigaji kwa kukaa ndani ya bendi. Bendi zilipopungua, shule ilifungwa.

7. Hatima

Mwaka 1968, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba walipendekeza kwamba fasihi simulizi iwekwe katikati ya masomo ya fasihi. Pendekezo hilo lilizaa matunda, lakini aghalabu tumeufundisha wimbo kama shairi lililochapwa: beti, vina, dhamira, basi. Kwa njia hiyo nasi tumekuwa wenzi wa studio. Misiani alifariki mwaka 2006. Sahani zake zipo, lakini mengi aliyoyasema baina ya ubeti na ubeti mbele ya watu waliomtuza hayapo tena.

Kosa hilo linaweza kurudiwa. Matanga ya leo na mitindo huru ya leo hurekodiwa kwa simu, na simu ikiibwa au ikibadilishwa matini hupotea. Idara zetu zinaweza kuwatuma wanafunzi wakarekodi usiku mzima, si wimbo mmoja; kwa idhini ya wenyewe; wakiandika nani alitajwa, nani alitoa fedha, hadhira ilijibu nini, na ni wapi fanani alipobadili maneno kwa ajili yake. Maandishi hayo yawekwe maktabani pamoja na sauti, na nakala ibaki mtaani.

Jibu letu, basi, ni hili. Wengi wa nyota wa leo hawajawafikia wakongwe katika sanaa ya kuiacha hadhira iingie ndani ya wimbo, kwa sababu soko halikuwaachia nafasi hiyo. Wanaowafikia wapo Laini Saba na Kawangware, na wengi wao hawajawahi kurekodi chochote. Tukiwatafuta sasa, tutaweza kuufanya ulinganisho huu kwa ushahidi badala ya kumbukumbu.