Mfinyanzi Hulia Gaeni: Hata Lini?

Ukifika Mwenge, Dar es Salaam, utaona vinyago vya mpingo vya Wamakonde vimepangwa kwa wingi. Mchonga vinyago husifiwa na wageni na wenyeji. Lakini mama afinyangaye vyungu, nani humsifu? Wazee walisema, "Mfinyanzi hulia gaeni." Vyungu vizuri huenda kwa wengine, naye hubaki na kigae.

Watazame Wakisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, wilayani Kyela. Ufinyanzi kwao ni kazi ya akina mama. Hufinyanga kwa mikono, hulainisha, hutia nakshi kwa udongo mwekundu na mweupe, tena huchoma kwa moto wa wazi. Vyungu huvushwa kwa mitumbwi hadi soko la Jumamosi huko Matema, na kutoka hapo husafirishwa mbali.

Wala si urembo mtupu. Maji kidogo hupenya katika ukuta wa mtungi, yakakauka kwa upepo, na kukauka huko huondoa joto. Ndiyo sababu maji ya mtungini ni baridi; ndoo ya plastiki haiwezi kazi hiyo. Lakini ndoo ni nyepesi, haivunjiki upesi, nayo imeingia karibu kila nyumba.

Shida kama hiyo iliwapata Wapueblo, wenyeji wa asili wa New Mexico, Marekani. Reli ilipofika huko, vyombo vya madukani viliongezeka, na ufinyanzi ukafifia. Ndipo Maria Martinez wa kijiji cha San Ildefonso, aliyezaliwa mwaka 1887, alipoufufua pamoja na mumewe Julian. Maria alifinyanga, Julian alichora nakshi nyeusi isiyong'aa juu ya weusi ung'aao. Mojawapo ni Avanyu, nyoka wa maji. Kisha Maria akaanza kuandika jina chini ya vyungu. Wanunuzi wakajua ni mikono ya nani, bei ikapanda, naye akawafundisha wenziwe. Kijiji kikapata riziki.

Basi, ewe mnunuzi, ukiona chungu chenye nakshi, uliza kimetoka wapi na nani amekifinyanga, wala usimpunje muuzaji. Nanyi akina mama, tieni alama zenu. Binti amwonaye mama yake akifinyanga mchana kutwa na bado akikosa fedha za daftari, hataushika udongo huo kamwe.