Siku mwili unapokataa kazi



Alhamisi iliyopita, tulipomaliza kuhesabu likelemba, mama mmoja wa kikundi chetu alitoa telefone yake akatusikilizisha sauti ya mdogo wake aliye Marekani. Huyo dada alifika kule kama mkimbizi. Alifanya kazi miaka 6 katika kiwanda cha nyama, amesimama na kisu mkononi tangu asubuhi mpaka jioni. Alipozaa mapacha aliacha kazi ili awalee, na sasa imepita karibu miaka 4. Ana miaka 43. Mgongo unamuuma hata kuinama afunge viatu vya watoto ni shida. Jirani amemwambia kwamba Leta ya kule inalipa mtu ambaye mwili wake umekataa kazi. “Dada, ni kweli ao ni maneno ya njiani?”

Wengine wetu tulicheka. Leta ilipe mtu aliyekaa nyumbani! Lakini tuliulizia, tukasoma, na neno la jirani lina ukweli ndani yake.

Ile si sadaka. Ni bima, ile wengi wetu tunaita asiransi. Kule Marekani, kwa kila dola 100 za mshahara, mfanyakazi anakatwa dola 6 na senti 20, na patro naye anatoa kiasi kilekile. Sehemu kubwa inaenda kwa pensheni ya wazee na kwa wajane na yatima. Senti 90 tu za kila upande ndizo za ulemavu. Kwa hiyo yule dada, kila alipopokea mshahara kiwandani, alikuwa anajilipia bila kujua. Ni nani anayesoma karatasi ya mshahara mpaka chini?

Sheria ya bima hiyo iliwekwa saini na Rais Eisenhower mwaka 1956. Mwanzoni ilisaidia tu wafanyakazi wenye miaka 50 na zaidi. Mwaka 1960 kizuizi hicho cha umri kiliondolewa, na tangu 1965 inatosha ulemavu uwe wa kudumu miezi 12 ao zaidi. Mwaka 1970 waliolipwa walikuwa karibu milioni 1 na nusu. Mwaka 1980 walikaribia milioni 3. Ndipo serikali ikaogopa gharama ikaanza kuwachunguza upya, na mamia ya maelfu ya watu walipata barua za kukatiwa, hata wagonjwa wa kweli. Kelele zilikuwa nyingi. Mwaka 1984 bunge lao lilitoa sheria nyingine: maumivu yasikilizwe, magonjwa ya akili yapimwe kwa haki, na mtu mwenye magonjwa madogo matatu ahesabiwe jumla ya mzigo wake. Sisi tunaona hiyo ilikuwa haki. Mwenye presha, sukari na magoti mabovu, ukipima kila ugonjwa peke yake utasema yuko mzima.

Toka hapo hesabu ilipanda sana: milioni 5 mwaka 2000, zaidi ya milioni 8 mwaka 2010, na karibu milioni 9 mwaka 2014. Wako waliosema watu wamekuwa wavivu. Ni kweli kwamba kazi zinapopotea, kama baada ya shida ya pesa ya mwaka 2008, maombi yanaongezeka, maana mtu mwenye mgongo mbovu ndiye wa kwanza kukosa patro. Lakini wale wengi waliozaliwa kisha vita ya pili ya dunia walikuwa wamefikia miaka 50 na 60, umri ambao mwili unaanza kudai. Umri wa pensheni nao ulisogezwa kutoka 65, kwa hiyo mgonjwa anakaa zaidi katika hesabu ya walemavu kabla ya kuhamia kwa wazee. Na sababu inayotugusa sisi: wanawake waliingia kazini kwa wingi, wakalipa bima kama wanaume, wakapata haki kama wanaume. Leo ni karibu nusu ya wanaolipwa. Kisha 2014 hesabu imeshuka mpaka milioni 7 na kidogo.

Sasa tufike kwa mdogo wetu, maana hapa ndipo penye hatari. Kwa mtu wa umri wake, bima inataka awe amefanya kazi yenye kukatwa miaka 5 kati ya miaka 10 ya mwisho kabla ya ulemavu. Kulea mapacha hakuhesabiwi. Kupika, kufua, kukesha na mtoto mwenye homa, vyote ni sifuri katika vitabu vyao. Tulihesabu kwa vidole mbele ya wote: haki yake inamalizika miaka 5 hivi baada ya kuacha kiwanda. Amebakiza mwaka mmoja na kitu. Ulemavu ukionekana umeanza kisha tarehe hiyo, miaka yake 6 ya kisu haitamsaidia kitu.

Tena si kila maumivu yanalipwa. Ni lazima mtu asiweze kazi yoyote ya maana, si ile ya zamani tu. Nusu ulemavu haupo. Wengi wanakataliwa mara ya kwanza, na wana siku 60 za kukata rufaa. Wengi wanachoka hapo. Akikubaliwa anangoja miezi 5 ya kwanza bila malipo, na bima ya matibabu inafika miezi 24 baadaye. Lakini watoto wake nao wanaweza kupewa fungu lao.

Hapa kwetu CNSS nayo ina pensheni ya wasioweza tena kazi, na mfanyakazi anakatwa 5 kwa mia. Lakini hiyo ni kwa mwenye patro aliyemwandikisha. Mama anayebeba magunia ya makala mgongoni, patro wake ni nani? Jambo hilo tutalizungumza katika mkutano ujao.

Kwa sasa tulimtumia mdogo wetu sauti: aende kwa dokta juma hili, aseme yote bila kujikaza, aombe kila ziara iandikwe pamoja na tarehe, na asingoje mapacha waanze masomo ndipo aombe. Amejibu kwamba ana rande-vu Jumanne. Baba watoto amekubali kubaki na mapacha.